Tuijue Nyundo Kabla ya Kuijua Seine

Nilipokuwa mwanafunzi tulikaririshwa mito ya Ufaransa: Seine, Loire, Garonne, Rhône. Hadi leo naweza kuitaja bila kukwama. Lakini hakuna mwalimu aliyenifundisha Sebeya unaanzia wapi, ingawa ndio mto niliouvuka kila siku. Baadaye lugha ya kufundishia ilibadilishwa kutoka Kifaransa hadi Kiingereza. Ugonjwa wenyewe haukubadilika. Muhula uliopita niliwauliza wanafunzi wangu hapa Gisenyi: Sebeya unatoka wapi? Darasa zima likanyamaza, wakiwamo watoto ambao nyumba za kwao zilibomolewa na mto huohuo.

Unaukumbuka usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023. Mafuriko na maporomoko ya ardhi yaliua watu wasiopungua 130 nchini, wengi wao katika mkoa wetu huu wa Magharibi. Sebeya uliacha njia yake ukaingia majumbani watu wakiwa wamelala. Nyundo, sekta ndogo ya vilima iliyo kilomita chache kutoka mjini kwa barabara ya Musanze, ilikuwa miongoni mwa zilizoumia. Nami leo naizungumzia Nyundo kwa sababu naamini kwamba mtu asiyeijua jiografia na historia ya sekta yake hana la kuuliza katika mkutano wa wananchi. Hubaki kupiga makofi tu.

Jina lenyewe linatupa mwanzo mwema. Katika Kinyarwanda inyundo ni nyundo ileile ya fundi kwa Kiswahili. Na wilaya yetu, Rubavu, ina jina linalofanana na urubavu, ambalo ni ubavu wetu. Wingi wake imbavu, kwetu mbavu. Wanafunzi wanaolalamika kwamba Kiswahili ni lugha ya wageni hushangaa kuona kimekaa tayari katika majina ya kwao.

Sasa turudi mtoni. Sebeya hukusanya maji yake katika nyanda za juu za Rutsiro, Ngororero na Nyabihu, ukashuka kwa kasi kupita maeneo yetu na kumwaga katika ziwa Kivu, kusini mwa mji wa Gisenyi. Huko juu palikuwa na msitu wa Gishwati. Katika miaka ya 1970 msitu huo ulikuwa na hekta zipatazo 28,000. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa zimebaki hekta 600 hivi. Sehemu iligeuzwa malisho ya ng’ombe kwa mradi mkubwa wa miaka ya 1980, sehemu ikapandwa misonobari, na baada ya 1994 watu waliorejea nchini bila ardhi wakakaa humo na kulima. Siwalaumu hao wa mwisho. Mwenye njaa hulima alipo. Lakini mlima uliovuliwa miti haunywi mvua, huitema. Mwaka 2015 sheria ilipitishwa ya kuifanya Gishwati na Mukura kuwa hifadhi ya taifa, na miti inarudishwa. Mtoto wa Nyundo asiyeelezwa haya ataamini kwamba maji ya 2023 yalianguka tu kutoka mbinguni. Ndivyo wanavyoandika katika insha zao, nimezisahihisha mwenyewe.

Historia ya Nyundo nayo si ya kupuuzwa. Wamisionari wa White Fathers walifungua kituo hapo mwaka 1901, mwaka mmoja tu baada ya Save na Zaza. Mwaka 1952 Aloys Bigirumwami akawekwa kuwa askofu wa Nyundo, Mwafrika wa kwanza kupewa uaskofu katika makoloni ya Ubelgiji. Mimi humpenda kwa sababu nyingine: alikusanya na kuandika methali, hadithi na desturi za Wanyarwanda, kazi ambayo sisi walimu wa lugha tungepaswa kuiendeleza. Na mwaka 2014 shule ya muziki ikaanzia Nyundo. Nyimbo mnazocheza harusini zina mizizi huko.

Upo ukurasa mwingine. Wanafunzi wangu, waliozaliwa baada ya 2006, hudhani sekta ni za tangu na tangu. Zamani zilikuwapo komine, neno na umbo tulivyopokea kutoka kwa Wabelgiji. Uchaguzi wa mwaka 1960 ulizaa wakuu wa komine 229, na ni hao pamoja na madiwani wao waliokusanyika Gitarama tarehe 28 Januari 1961 na kutangaza jamhuri. Komine ndiyo iliyotoa kitambulisho chenye kabila, na mwaka 1994 kadi ile ikawa hukumu ya kifo kwenye vizuizi vya barabarani. Watutsi waliokimbilia dayosisi ya Nyundo kutafuta hifadhi waliuawa papo hapo. Tangu 2006 tuna wilaya 30 na sekta 416, na neno komine limebaki vinywani mwa wazee.

Mwenzangu mmoja, mwalimu ninayemheshimu, alinionya: ukiwafundisha watoto kupenda sekta yao utafufua ukanda, na nchi hii imekwisha kulipia ukanda. Hoja yake ni nzito, sikuijibu siku ile. Jibu langu leo ni mto wenyewe. Anayeufuata Sebeya kutoka Nyundo hadi chemchemi zake atavuka mipaka ya wilaya na kugundua kwamba usalama wa kitanda chake unategemea mkulima wa Rutsiro asiyemjua. Ukanda hulelewa na anayejua kilima chake tu. Na yaliyotendeka Nyundo mwaka 1994 tusipoyasimulia sisi kwa ukweli, watoto watayapokea kwa minong’ono.

Mwingine atasema mtihani wa taifa hauulizi habari za Nyundo. Kweli, hauulizi. Lakini Ufaransa, yenye komine zipatazo 35,000, na zaidi ya nusu yake zina watu wasiofika 500, walimu wa vijijini mwishoni mwa karne ya 19 waliandika kijitabu cha jiografia na historia ya komine zao kwa ajili ya maonyesho ya Paris ya mwaka 1900: mito, udongo, majina ya mashamba, mafuriko ya zamani. Hawakuwa maprofesa. Walikuwa na stashahada kama yangu, pengine na mshahara kama wangu.

Basi tumeanza. Daftari letu la Nyundo lina kurasa kumi na moja, kwa Kiswahili. Katika ukurasa wa tatu mzee mmoja ametuonyesha kwa fimbo yake mahali maji yalipofika ukutani, na mwanafunzi akapima kwa futi kamba: sentimita 140 kutoka sakafuni. Ukurasa wa kumi na mbili bado ni mtupu. Tunamtafuta mtu aliyechunga au kukata kuni katika Gishwati kabla haijafyekwa, aje atuambie msitu ulianzia wapi. Kama yuko nyumbani kwako, msomaji, mlete shuleni Ijumaa yoyote baada ya saa tisa.