Mishale miwili isiyolala

KOMPYUTA BARAZANI
Na Mwanaheri Kisauti

"Shangazi, bando limekata tena."

Hiyo ilikuwa Jumatano. Bando lenyewe nililiunga Jumapili jioni, la wiki nzima, na nyumbani tuko wawili tu, mimi na mtoto wa kaka yangu anayesubiri matokeo ya kidato cha sita. Nikamtazama usoni. Akajua ninachowaza. "Wallahi si mimi," akasema, halafu akainyooshea kidole kompyuta yangu kuukuu iliyo juu ya meza ya cherehani. "Ni hiyo yako. Haijawahi kutulia hata siku moja."

Hapo alikuwa na haki. Kwenye kona ya kioo cha kompyuta ile, inayoendeshwa na Debian, moja ya ladha za Linux, nimeweka kialama cha mishale miwili, mmoja wa data inayotoka, mwingine wa inayoingia. Mishale ile ilikuwa hailali. Nikiamka saa nane za usiku kunywa maji naikuta inarukaruka gizani kama macho ya paka. Na mshukiwa hakuhitaji kutafutwa: ni BOINC.

Wasomaji wa siku nyingi wanaujua ugonjwa wangu huu. Kwa wageni, BOINC ni programu ya kuazimisha kompyuta. Ilianzishwa na David Anderson, Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 2002. Unachagua mradi wa kisayansi, programu inachukua kipande cha hesabu kutoka kwenye seva ya mradi, prosesa yako inakitafuna wakati wewe unapika au umelala, kisha jibu linarudishwa. Kabla yake Berkeley walikuwa na SETI@home, iliyoanza tarehe 17 Mei 1999, ambapo watu duniani kote walichambua mawimbi ya redio yaliyonaswa na darubini ya Arecibo, Puerto Rico, kutafuta kama kuna viumbe wenye akili huko juu. Mpaka mradi unaacha kugawa kazi, tarehe 31 Machi 2020, hakuna aliyeitikia. Mradi mwingine wa BOINC, Einstein@Home, wao walipata kitu: mwaka 2010 walitangaza nyota mpya ya aina ya pulsa, iliyoonekana kwenye kompyuta ya Chris na Helen Colvin wa Iowa, Marekani, na ya Daniel Gebhardt wa Mainz, Ujerumani. Mume na mke, nyota yao ikagunduliwa na kompyuta ya nyumbani! Tangu siku niliyosoma habari ile sijapona.

Kwa hiyo kumtuhumu BOINC kuliniuma kama kumtuhumu ndugu. Isitoshe, hesabu zilikuwa zinakataa. Kifurushi kimoja cha SETI@home kilikuwa na sekunde 107 za mawimbi, kilobaiti 350 hivi tu, na kompyuta za wakati ule zilikesha nacho. Kazi ya aina hii ni punje ya data kwa gunia la hesabu. Programu ambayo ingetosheka na kugusa intaneti mara chache kwa siku, mishale iruke kila sekunde kwa lipi?

"Zima Wi-Fi tuone," kijana akashauri. Nikazima. Ili asiseme nimedanganya, nikaenda kuchomoa na ruta ukutani, taa zake zote zikafa.

Mishale ikaendelea kuruka.

Tukatazamana. "Imedukuliwa," akasema kwa sauti ya chini, kana kwamba mdukuzi anatusikia. Nikamuuliza mdukuzi huyo anapitia wapi wakati ruta nimeishika mkononi. Hakuwa na jibu, na kusema kweli wakati huo hata mimi sikuwa nalo.

Sasa hapa ndipo ninapoipendea Linux. Watu husifu kwamba ni ya bure. Mimi naisifu kwamba ukiiuliza swali inajibu, haikutazami kama karani anayetaka urudi kesho. Nikafungua terminali nikaandika ip -s link. Amri hiyo huorodhesha kila njia ya mtandao iliyomo kwenye kompyuta, na chini ya kila njia idadi ya baiti zilizoingia na zilizotoka. Nikaipiga mara moja, nikahesabu hadi kumi, nikaipiga tena. Njia ya Wi-Fi: namba zilezile, imekufa kabisa. Njia ya waya: sifuri, haijawahi kutumika tangu nihamie nyumba hii. Njia iitwayo lo: zimeongezeka.

Kijana ndiye aliyeona jambo ambalo mimi nililipita. "Shangazi, mbona zilizoingia na zilizotoka zinafanana?" Zilifanana hadi tarakimu ya mwisho. Nikapiga amri mara ya tatu. Zote mbili zimekua, na bado zinafanana.

Hakuna intaneti ya namna hiyo duniani. Ukifungua ukurasa unatuma kidogo unapokea kingi, ukipandisha picha inakuwa kinyume. Namba zikilingana baiti kwa baiti maana yake kinachotoka ndicho hichohicho kinachoingia, na ndivyo lo ilivyo: ni njia ambayo programu zilizomo ndani ya kompyuta moja hutumia kuongea zenyewe kwa zenyewe, kwenye anwani 127.0.0.1. Maneno yanatoka mlango wa mbele yanaingia palepale, hayafiki hata kizingiti cha ruta. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, ila hiki kilikuwa nguoni na wala hakili.

Ilibaki kujua nani anaongea na nani. Amri ya pili, sudo ss -tnp, huonyesha mazungumzo yanayoendelea na majina ya programu zinazozungumza. Wakatokea wawili, boinc na boincmgr, katikati yao mlango namba 31416. Ukisoma Hisabati utacheka: ni pai, 3.1416, nukta imeondolewa. Walioandika BOINC walijichekesha humo, na mzaha wao ndio alama nzuri ya kumtambulia.

Siri ni kwamba BOINC si programu moja. Kuna mpishi na kuna mpokea wageni. Mpishi ni boinc, yuko jikoni hana sura, ndiye anayepiga hesabu na kuwasiliana na seva. Mpokea wageni ni BOINC Manager, lile dirisha lenye asilimia na rangi. Dirisha likiwa wazi, kila baada ya muda mfupi linapiga hodi jikoni: ile kazi imefika wapi? Na hii? Na ile nyingine? Mimi dirisha hilo huwa silifungi, napenda kuona asilimia zinapanda. Nikalifunga. Mishale ikalala papo hapo. Feni ikaendelea kuvuma, maana katika Debian mpishi hategemei mpokea wageni, anapika tu.

Wengi wanaishia hapa, wanaandika kwamba tatizo limetatuliwa, wanakwenda kula. Nami karibu niishie hapo, maana nilikwisha kumwambia kijana, "Umeona? Ulimsingizia." Akanijibu kwa adabu zote, lakini akanijibu: "Sawa Shangazi. Na bando je?"

Bando lilikuwa limekata kweli. Mishale ilikuwa na maelezo yake, bando lina ya kwake, na mimi nilikuwa nimeyafunga mambo mawili kwa kamba moja kwa sababu nilitaka mwenzangu ashinde kesi.

Usiku ule nikaunga bando dogo, nikarudisha ruta, nikawasha nethogs. Hii ni programu ndogo inayopanga watumiaji wa mtandao kwa majina, mlafi juu. Unaitajia njia unayotaka ichunguze, nami niliipa ya Wi-Fi peke yake ili kelele za lo zisinichanganye. Robo saa kimya. Kisha juu ya orodha likapanda jina VBoxHeadless, na kwenye safu ya mwenye mali imeandikwa: boinc. Likawa linavuta, linapumzika, linavuta tena.

Basi, rafiki yangu akapatikana na hatia katika shtaka la pili. Na aliyemtuma ni mimi.

Mwezi mmoja kabla nilikuwa nimejiunga na LHC@home, mradi wa CERN kule Uswisi, wa kuiga kwa hesabu migongano ya chembe ndogo kupita atomu. Nilivutiwa, nikaweka alama kwenye visanduku vyote bila kusoma. Kazi zake nyingi haziendeshwi hivihivi juu ya kompyuta yako. Zinahitaji VirtualBox, programu ya kuendesha kompyuta bandia ndani ya kompyuta, na taswira ya kompyuta hiyo peke yake ni mamia ya megabaiti. Kompyuta hiyo bandia ikishaamka hujitafutia yenyewe mafaili ya programu inazohitaji kutoka kwenye seva za nje, moja moja, kadiri kazi inavyoendelea. Ndiyo maana ukurasa wa BOINC Manager unaoonyesha mafaili yanayosafirishwa ulikuwa mtupu wakati wote. Mpishi kweli hakuagiza kitu. Mgeni aliyemkaribisha jikoni ndiye aliyekuwa anaagiza kwa simu yake, bili inakuja kwangu.

Sasa malalamiko yangu. Ukijiunga na mradi wowote wa namna hii unapewa maelezo matamu kuhusu sayansi yake. Kuhusu megabaiti, mimi sikukutana na neno. Miradi haifanani hata kidogo: Einstein@Home haikunisumbua mwaka mzima, LHC@home ikamaliza bando kwa siku tatu, na climateprediction.net ya Oxford, inayokokotoa tabianchi, hurudisha matokeo mazito ya kupandisha. Mtu anayelipia intaneti kwa mwezi bila kipimo hana haja ya kujua tofauti hiyo, na nadhani ndiye aliyekuwa akilini mwa waandishi wa kurasa zile. Anayepima intaneti kwa kijiko anaijua siku bando linapokata.

Chukua mfano: mwaka 2006 ulizinduliwa mpango ulioitwa Africa@home, na mradi wake wa kwanza, malariacontrol.net, uliiga maambukizi ya malaria kwa kutumia kompyuta za watu wa kujitolea hadi ulipofungwa mwaka 2016. Hesabu zilikuwa za Taasisi ya Tiba za Kitropiki ya Uswisi, watu waliokuwa na maabara yao Ifakara tangu miaka ya 1950. Hao sina neno nao. Lakini mtu wa Ifakara aliyetaka kuipigania malaria ya kwao kwa kompyuta yake alitakiwa alipe umeme wa LUKU kwa yuniti na intaneti kwa megabaiti, na sijaona pahali alipoandikiwa zitakuwa ngapi. Mstari mmoja tu ungetosha, kando ya jina la kila kazi: hushusha kiasi hiki, hupandisha kiasi hiki. Seva zao zinajua. Ndizo zinazotuma.

Haki ya BOINC ni kwamba breki anazo, ila zimekaa ndani mno kwenye mipangilio. Unaweza kumwekea ukomo wa megabaiti kwa idadi ya siku unayotaka. Unaweza kumwongezea akiba ya kazi, achukue za siku mbili kwa mkupuo badala ya kubisha hodi mara kwa mara. Na unaweza kumpa saa za kutumia mtandao. Hii ndiyo niliyoipenda, maana inaoana na bando la usiku: nimemruhusu kuanzia saa sita usiku hadi saa kumi na moja alfajiri, nikikumbuka kwamba yeye huhesabu saa za kizungu, kwa hiyo nikaandika 0:00 na 5:00. Mara ya kwanza niliandika 6 na 11 kwa mazoea, akawa anashusha mafaili asubuhi wakati natuma safu hii kwa mhariri.

Jambo moja dogo, msije mkashtuka kama mimi. Ukichungulia kumbukumbu za BOINC utakuta pengine amekwenda google.com. Hakutumwa na mtu. Akikosa seva ya mradi huenda kubisha hodi pale kuona kama intaneti ipo ama ni seva tu imelala. Siku nilipochomoa ruta alikuwa ameandika majaribio yake yote, kwa uaminifu, hadi aliposalimu amri.

LHC@home nimeiondoa kwenye kompyuta hii. Roho iliniuma, lakini nitairudia siku nikipata intaneti isiyo na mita. Einstein@Home imebaki. Bando la wiki hii limefika Jumamosi na bado lina chakula.

Juzi jioni nilikuwa nimefungua dirisha tena kutazama asilimia zangu. Kijana akapita nyuma yangu na simu mkononi, akaona mishale inaruka, akasimama.

"Shangazi, zinalingana?"

Nikapiga amri, tukasoma wote. Zilikuwa zinalingana. Akarudi kwenye mpira wake.