Tusimsingizie Mungu Kifo cha Mfanyakazi



Mara nyingi katika mazishi ya fundi aliyefia kazini husimama msemaji wa mwajiri, akatoa rambirambi, kisha akahitimisha kwa maneno yale yale: kazi ya Mungu haina makosa. Nasi waombolezaji tunainamisha vichwa. Wiki hii nakataa kuinamisha changu. Ni kweli kwamba kazi ya Mungu haina makosa. Lakini jukwaa lililofungwa kwa kamba mbovu si kazi ya Mungu.

Niruhusuni niwapeleke mbali, hadi mto St. Lawrence nchini Kanada, kwa kuwa huko jambo hili lilichunguzwa hadharani. Mwaka 1907 kampuni ya Phoenix Bridge, yenye ofisi zake Phoenixville, Marekani, ilikuwa ikijenga daraja kubwa la chuma karibu na mji wa Quebec. Nafasi kati ya nguzo zake kuu mbili ilikuwa imeongezwa kutoka futi 1,600 hadi futi 1,800, lakini uzito wa daraja haukukokotolewa upya. Kosa lilipobainika mwaka 1906, chuma kingi kilikuwa kimekwisha kutengenezwa. Mhandisi mshauri, Theodore Cooper, akaridhia kazi iendelee. Naye alikaa New York, mzee mwenye afya dhaifu. Tangu chuma kilipoanza kupandishwa hakufika mtoni hata mara moja.

Waliokuwa mtoni waliona. Agosti ile boriti kuu za chini zilizidi kupinda, wakatoa taarifa. Watu wa kampuni wakajibu kwamba yawezekana zilikuwa zimepinda tangu mwanzo. Mhandisi kijana, Norman McLure, akasafiri hadi New York kumweleza Cooper. Tarehe 29 Agosti Cooper akapeleka telegramu Phoenixville akitaka daraja lisiongezewe uzito. Telegramu ilifika na kusomwa. Uamuzi ukaahirishwa hadi kesho yake. Kesho hiyo haikulikuta daraja. Jioni ile ile lilianguka mtoni, na kati ya watu 86 waliokuwa juu yake, 75 walikufa.

Thelathini na watatu kati yao walitoka kijiji kimoja, Kahnawake, cha Wamohawk. Ni jumuiya ya Kikatoliki ya siku nyingi. Ndiko yanakotunzwa masalia ya Kateri Tekakwitha, aliyetangazwa mtakatifu mwaka 2012. Wanaume wa huko walikuwa wameizoea kazi ya chuma tangu mwaka 1886, daraja la reli lilipojengwa karibu na kwao. Walikwenda kazini kwa ukoo na kwa ujirani, na ule undugu uliowatia moyo juu angani ndio uliofanya kilio kiingie nyumba nyingi kwa siku moja. Makaburini iliwekwa misalaba iliyotengenezwa kwa boriti za chuma. Husimuliwa kwamba wanawake wa kijiji walidai wanaume wao wasifanye kazi tena wote mahali pamoja. Wajane wakalazimika kufikiria usalama ambao wakubwa wa kazi hawakuufikiria.

Tume ya Kifalme iliyochunguza haikuishia kwenye bahati mbaya. Ilitaja makosa ya uamuzi, na ikawataja waliyoyafanya kwa majina: Cooper, na Peter Szlapka, msanifu wa kampuni.

Sasa nawasikia wanaosema: Baba Paroko, ajali haina kinga. Je, ndivyo? Basi kwa nini Torati, katika Kumbukumbu la Torati 22:8, humwagiza ajengaye nyumba aweke ukingo darini, asije akajiletea hatia ya damu ya mtu atakayeanguka? Na Yesu, alipozungumzia wale 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, alikataa kuwaona kuwa wenye dhambi kuliko wengine. Sisi tunafanya lililo baya zaidi: marehemu tunambebesha uzembe, na Mungu tunambebesha kifo.

Wengine watasema uhandisi si kazi ya Kanisa. Kukokotoa uzito si kazi yangu, nakiri. Lakini kilichovunjika kule Quebec kabla ya chuma ni neno: lilitoka kwa aliyeona, likachelewa mezani kwa mwenye mamlaka. Hilo ni jambo la jumuiya, na jumuiya ni kazi yetu. Kampuni haiwi jumuiya kwa sababu ya fulana za Mei Mosi, wala kwa sanduku zuri la maiti. Ni jumuiya pale kibarua wa kutwa anapoweza kusema, "Mzee, pale pamepinda," asijibiwe, "Kesho usije."

Kwa hiyo, wahandisi na wanyapara mnaosali nasi kila Dominika: anayewaambia anaogopa msimwite mvivu. Simamisheni kazi kwanza, mjadiliane baadaye. Gharama ya siku moja hulipika, uhai haulipiki. Nanyi vibarua, mkiona, semeni, tena semeni pamoja. Na sisi tunaobaki makaburini, tujifunze kuuliza kabla ya kuitikia: ni nani aliyeona, alimwambia nani, na kwa nini hakusikilizwa?

Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi atuombee.

Paroko wenu