Usisahau bwawa

Ndugu mwandishi, katika makala yako ya safari ya Yangtze umeisifu sana meli, vyakula na roshani ya chumba, lakini Bwawa la Makorongo Matatu umeliachia sentensi moja tu. Kutoka Chongqing hadi Yichang mto Yangtze unapita makorongo matatu: Qutang, Wu na Xiling. Qutang ndilo fupi, na kwa macho yangu ndilo zuri kuliko yote. Lango lake limechapwa nyuma ya noti ya yuan 10, ndiyo maana abiria hujazana sitahani wakiinua noti zao wapigwe picha (vurugu tupu!).

Ila maji hayo mnayoyapiga picha yalipandishwa na bwawa hilo hadi mita 175 juu ya usawa wa bahari, na zaidi ya watu milioni 1 wakahamishwa. Mji wa Baidicheng, uliokuwa umeshikana na nchi kavu, leo ni kisiwa. Waongozaji wengi huyapita hayo mbiombio ili mfike kwenye maduka ya zawadi. Waulizeni, wengine wana mengi ya kusimulia. Na meli ikiingia kwenye malango ya ngazi tano ya bwawa, mara nyingi usiku, tafadhali msilale.