Hema la Sara Lilikuwa Bado Limesimama

Neno letu la leo liko katika Mwanzo 24:67. Fungua ulisome polepole kabla hujaendelea.

Umeona? Isaka alimwingiza Rebeka katika hema la mama yake, akampenda, na hapo ndipo akafarijika baada ya kufiwa. Sasa piga hesabu nami. Sara alimzaa Isaka akiwa na miaka 90, akafa akiwa na 127. Kwa hiyo Isaka alikuwa na miaka kama 37 alipofiwa. Mwanzo 25:20 inasema alioa akiwa na miaka 40. Ni miaka mitatu hiyo! Mwana wa ahadi, mtoto wa baba wa imani, na faraja yake inatajwa miaka mitatu baadaye, hema la mama yake likiwa bado limesimama. Sioni mahali Mungu alipomkemea.

Sisi tunamkemea mtu baada ya wiki mbili.

Naandika haya nikiwa na kidonda changu. Hii ni wiki ya tano tangu tumzike Mama. Mtumishi mwenzangu mmoja alinipigia simu akaniambia, "Pasta, jikaze, kondoo wanakuangalia." Alisema kwa upendo, najua. Lakini wacha kondoo waangalie. Wakimwona mchungaji akilia, siku yao ikifika watajua kwamba kanisani mtu anaruhusiwa kulia. Yesu alijua kabisa atamfufua Lazaro, na bado alitoa machozi (Yohana 11). Naye Paulo katika 1 Wathesalonike 4:13 hakukataza huzuni. Alikataza huzuni ya wasio na tumaini. Hayo ni mambo mawili tofauti, na wahubiri wengi huyachanganya.

Kuna woga mwingine katika makanisa yetu ya kiroho. Ukimtaja marehemu sana, unaambiwa umefungulia mizimu mlango. La hasha! Kumbukumbu la Torati 18:11 inakataza kuwauliza wafu, haikatazi kuwakumbuka. Paulo, akiwa kifungoni, anamkumbusha Timotheo imani ya nyanya yake Loisi na mama yake Eunike, tena kwa majina (2 Timotheo 1:5). Mimi simwombi Mama chochote. Namshukuru Mungu kwa ajili ya mwanamke aliyeuza ndizi sokoni, aliyeamka saa kumi alfajiri kutaja majina ya watoto wake sita mbele za Bwana, kifungua mimba hadi kitinda mimba, bila kumruka yule aliyekataa wokovu. Tangu niwekewe mikono aliacha kuniita jina langu. "Pasta, umekula?" Hilo ndilo lilikuwa swali lake la kwanza kila akipiga simu. Namba yake sijaifuta, na sina haraka ya kuifuta.

Lakini kuna mtu tunayemsahau. Mama akitangulia, mara nyingi baba hubaki. Ibrahimu alimlilia Sara, kisha akainuka kutafuta mahali pa kumzika, akapima shekeli 400 za fedha. Hata kwetu mzee hupewa shughuli: kibali, jeneza, wageni. Halafu lori linakuja kubeba viti vya kukodi, watoto wanapanda matatu za Nairobi na Nakuru ili Jumatatu wawe kazini, na mzee anabaki jikoni asijue chumvi huwekwa wapi.

Usimuulize, "Baba, uko salama?" Atakuambia yuko salama. Muulize walikutana wapi na mama. Baba yangu si mtu wa maneno mengi, lakini wiki iliyopita nilimuuliza hilo tukaongea mpaka kredo yangu ikaisha, akanipigia yeye tumalizie. Nimejifunza kwamba nyanya yangu alikataa posa mara mbili. Mama hakuwahi kutuambia!

Jumapili hii baada ya ibada ya pili, wote mliofiwa na mzazi, iwe mwezi jana au miaka kumi iliyopita, tubaki kanisani. Sitahubiri. Kila mmoja aje na jambo moja tu la baba au mama yake atusimulie. Kina mama wameahidi chai na mandazi. Nanyi mlio mbali, niandikieni hapa chini neno ambalo mama yako alipenda kusema. Nitayasoma yote.