Darasa limejaa, sanduku tupu

 

Mwezi uliopita tuliongea juu ya daftari la mauzo kwa wenye vioski. Baada ya hapo baba mmoja anayefundisha Kiingereza alinisimamisha njiani. Akasema: "Mwalimu, hayo ya kioski tumesoma. Mwenye kioski anauza sabuni, jioni anahesabu sabuni zilizobaki. Sasa sisi wenye kufundisha tunahesabu nini?" Nilimwahidi jibu. Na jibu lenyewe ni habari ya kituo chetu sisi, ambayo haitupi sifa sana, lakini nadhani itawafaa wengine.

Huku Nakivale vituo vya namna hii si vichache. Sheria ya wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inaruhusu mkimbizi kufanya kazi na kufungua biashara, basi mtu mwenye ujuzi anakodi chumba, anatafuta benchi, anaandika bango: kushona, kompyuta, Kiingereza kwa waliosoma Kifaransa. Sisi tulipata nguvu mwaka 2022. Mnakumbuka shule za Uganda zilifungwa Machi 2020 kwa ajili ya korona, zikafunguliwa kabisa Januari 2022. Watu walikuwa na njaa ya kusoma, wakubwa kwa wadogo. Tulijaza daftari la kuandikisha tukafurahi.

Ilipofika mwaka 2023 tulikuwa na majina 64. Ada ilikuwa shilingi 15,000 kwa mwezi. Fanya hesabu: 960,000. Matumizi yetu yalikuwa 800,000, yaani walimu wanne 480,000, kodi ya nyumba 100,000, umeme wa sola na petroli ya jenereta 90,000, uzi na vitambaa na karatasi 80,000, na intaneti 50,000. Kwa hiyo kwenye karatasi tulikuwa tunabakiza 160,000 kila mwezi. Ajabu ni kwamba kila mwisho wa mwezi mweka hazina wetu alikuwa anatoa pesa kwenye akiba ili walimu walipwe. Tulianza hata kuangaliana vibaya. Kila mmoja anajiuliza moyoni, nani anakula?

Hakuna aliyekuwa anakula. Tulikuwa hatuoni tu.

Kijana wetu wa kompyuta ndiye aliyekuja na neno dashibodi. Waliopanda gari wanaijua: ile sehemu mbele ya dereva yenye mshale wa mafuta, wa mwendo na wa joto la injini. Wenzetu waliosoma Kifaransa wanasema tableau de bord, na viwandani Ufaransa neno hilo limetumika zamani sana kwa takwimu za meneja. Wamarekani wawili, Robert Kaplan na David Norton, waliandika mwaka 1992 kwamba kiongozi wa kampuni ni kama rubani: hawezi kurusha ndege kwa kuangalia kipimo kimoja. Dereva hafungui injini kila kilomita kujua hali yake. Anatupa jicho, anaona mshale wa mafuta uko chini, anatafuta kituo.

Basi kijana akatutengenezea dashibodi kwenye Excel. Wee! Michoro zaidi ya ishirini, yenye rangi, mingine ya duara kama chapati. Tulipiga makofi. Wiki mbili baadaye hakuna aliyekuwa anaifungua. Betri ya kompyuta imekwisha, au mwenye neno la siri kasafiri kwenda Mbarara, au mtu anafungua anaona rangi, anafunga. Yote iliyomo ilikuwa kweli, lakini haikumwambia mtu afanye nini Jumatatu asubuhi.

Tukarudi kwenye mbao na chaki. Kompyuta ikabaki kufanya hesabu, ubao ukabaki kuonyesha. Tulikubaliana kwamba ubao utakuwa na namba tano tu, na zitaandikwa kila Ijumaa saa kumi jioni watu wote wa kituo wakiwepo, hata anayefagia. Ya kwanza ni wangapi wamejiandikisha. Ya pili, wangapi walikaa darasani wiki hii kwa wastani. Halafu ada iliyoingia mwezi huu, ile iliyoingia kweli, mkononi na kwenye simu. Halafu pesa tuliyo nayo leo, na itatufikisha wiki ngapi. Ya mwisho nitaieleza mbele kidogo.

Kabla ya Ijumaa ile ya kwanza tulikuwa tumefanya kosa ambalo nalionea haya mpaka leo. Tulikuwa tumebandika mlangoni orodha ya majina 22 yenye kichwa WADAIWA SUGU. Tuliona ndiyo dawa.

Sasa ubao ulipojazwa, ulisema hivi: waliojiandikisha 64, wanaokaa darasani 47. Waliolipa ada yote 33, waliolipa nusu 9, jumla imeingia 562,500. Akiba ilikuwa 700,000 na kila mwezi tulikuwa tunapungukiwa 237,500, yaani hata miezi mitatu hatufiki. Tulikaa kimya. Kisha mama anayefundisha kushona akauliza: "Hao 22 mnaowadai, ni nani kati yao mmemwona humu mwezi huu?"

Tukapitia rejesta jina kwa jina. Wanaokuja bila kulipa chochote walikuwa watano tu. Wale 17 wengine hawakuwa wadaiwa. Walikuwa wameondoka zamani, na sisi tuliendelea kuwahesabu kama wanafunzi siku ya kujisifu, na kama wadaiwa siku ya kulalamika.

Hapo ndipo swali letu lilipogeuka. Mwanzo tulikuwa tunauliza, nani anakataa kulipa? Sasa tukauliza, kwa nini watu wanatukimbia? Na kuna kitu kingine ambacho ubao ulitufungua macho. Gawanya matumizi 800,000 kwa ada 15,000, unapata 53 na kidogo. Maana yake tunahitaji watu 54 wanaolipa ada yote ili tusile akiba. Hata wale 47 waliokuwepo wangelipa wote mpaka shilingi ya mwisho, tungepata 705,000, na bado tungepungukiwa. Kubandika majina mlangoni kusingetuokoa hata kidogo! Ile namba 54 tuliichorea mstari mwekundu juu ya ubao.

Kati ya waliokimbia, 11 walikuwa wa darasa la kushona. Mimi na mwenzangu tukaenda kuwatembelea nyumbani, kwanza kuomba radhi kwa ile karatasi. Mama mmoja alitukaribisha, akatupa kiti, akaendelea kuchambua maharage bila kutuangalia. Baadaye akasema: "Mwalimu, mashini ni ine, siye tuko makumi mbili na mbili. Kwa siku nzima nilikuwa napata dakika kumi za kukanyaga. Zingine nilikuwa nakaa tu kuangalia migongo ya wenzangu. Nikaona heri niende kulima. Halafu nasikia kwa majirani jina langu liko kwa mlango." Nilikosa la kujibu. Niliitoa ile karatasi jioni ileile.

Dawa haikuwa mashine mpya, maana pesa tungetoa wapi. Tuligawa darasa: 11 asubuhi, 11 mchana, mwalimu akaongezewa 30,000 kwa masaa yake. Mama yule alirudi baada ya wiki tatu hivi, akachagua asubuhi.

Wale sita wengine kila mmoja alikuwa na lake. Mmoja kajifungua, wawili wamehama. Lakini watatu walisema kitu kimoja: ada yenu inadaiwa wiki mbaya. Mwaka huohuo 2023 WFP ilianza kugawa msaada kwa makundi kulingana na uhitaji wa familia. Kuna nyumba zilizobaki na kidogo, na nyingine zikatolewa kabisa. Sisi tulikuwa tunadai ada tarehe 1, wakati mgao au soko la mazao lilikuwa bado. Mtu mwenye haya hasemi "sina", anaacha kuja. Tukaruhusu kulipa mara mbili, 7,500 na 7,500, na tarehe mtu anachagua mwenyewe anapojiandikisha. Hii haikutugharimu hata senti.

Miezi mitatu baadaye tulikuwa na majina 60, machache kuliko mwanzo. Lakini darasani walikaa 57. Waliolipa yote walikuwa 50, nusu 5, ikaingia 787,500. Matumizi yalikuwa yamepanda kufika 830,000, kwa hiyo bado tulipungukiwa 42,500, nayo tuliiziba kwa kuchaji simu za watu kwenye sola, shilingi 500 kila moja. Hatukutajirika, ila tuliacha kula akiba na kushukiana.

Msomaji makini atauliza, 57 walikaa, 55 walilipa, wawili je? Hao ni wa viti vya bure. Kati ya wale watano wasiolipa, watatu walianza kulipa nusu. Wawili hali yao sote tunaijua, sitaieleza hapa. Tulipiga kura wakae. Na tumewaandika ubaoni kwa namba, bila majina: viti vya bure 2. Hapo mwanzo huruma yetu ilikuwa inavuja bila hesabu, kila mwalimu anamwingiza anayemwonea huruma. Sasa kila muhula tunakaa tunaamua viti vingapi tunaweza kuvibeba.

Niwaonye pia kuhusu hatari ya ubao. Tulipoona mahudhurio ni muhimu, tukatangaza kwamba mwalimu mwenye mahudhurio makubwa atapewa kilo mbili za sukari. Mwezi uliofuata mwalimu mmoja alikuwa na darasa kamili kila siku. Hata siku ile ya mvua kubwa ambayo barabara ilikatika na mimi mwenyewe sikufika! Tulicheka, lakini kosa lilikuwa letu. Mwanauchumi wa Uingereza, Charles Goodhart, aliliandika jambo la namna hii mwaka 1975 akiongelea mambo ya benki: namba ukiishaifanya fimbo ya kuongoza watu, inaacha kusema ukweli. Sukari tuliiondoa. Siku hizi mahudhurio yanahesabiwa na mwanafunzi wa zamu, na hakuna anayepata wala kupoteza kitu kwa ajili yake.

Na ubao usiwekwe darasani. Wetu uko chumba cha nyuma, na majina ya watu hayaandikwi hapo kabisa. Anayedaiwa anaitwa pembeni na mtu mmoja, kwa heshima.

Ile namba ya tano sasa. Ni wangapi kati ya waliomaliza wanapata pesa kwa ujuzi tuliowafundisha, tukiwauliza miezi mitatu baada ya kumaliza. Hii ni ngumu, lazima kutembea nyumba kwa nyumba au kupiga simu, na mara nyingi inavunja moyo. Wa kwanza tuliowafuatilia wa kushona walikuwa 8, waliokuwa wanashona kwa malipo ni 3. Mwenzangu alitaka tuifute, eti inatuaibisha. Mimi nilikataa. Mama anayetoa 15,000 kutoka kwenye maharage yake hanunui benchi letu wala cheti chetu, anataka kujua kama atashona sare za shule akalipwa. Tulipowauliza wale watano kwa nini hawashoni, wanne walisema hawajui kukata kitambaa, wanajua kukanyaga tu. Basi tukaongeza wiki tatu za kukata kwa karatasi za magazeti kabla mtu hajagusa kitambaa. Kundi lililofuata bado tunalihesabu.

Kwa baba wa Kiingereza aliyeuliza: wewe huna mashine, huna petroli, kwa hiyo anza na namba tatu za kwanza, kwenye daftari la kawaida, Ijumaa hii. Utaona tofauti kati ya ya kwanza na ya pili. Ikiwa kubwa, usimfuate mtu kumdai kabla hujamuuliza kwa nini aliacha kuja.

Wanaotaka kuuona ubao wetu waje Jumamosi saa nane mchana. Chaki zipo, ila mje na kalamu zenu.