Mwacheni Alie: Kwa Mtoto wa Dar, Mbeya Nako Ni Ugenini

Kuna kipande cha video cha mrembo mmoja wa mjini kinazunguka kwenye simu za watu. Jina lake linabaki kapuni, ila wanaofuatilia mambo ya vipodozi na mawigi wanamjua. Mtoto wa Temeke, kazaliwa huko, kakulia huko. Kaolewa na jamaa wa Tukuyu aliyekuwa anafanya kazi Dar, na jamaa alipohamishiwa Mbeya, dada akafunga mabegi akamfuata mumewe. Kwenye video yuko kitandani saa 2 asubuhi, blanketi mbili, kofia ya sufu kichwani, machozi yanamtoka. Anasema Mbeya baridi, Mbeya hakuna maisha, hana rafiki hata mmoja, anataka kwao.

Weee! Povu lililomwagika hapo lingetosha kufulia nguo za mtaa mzima.

Wana Mbeya walimshukia kama mwewe. Arudi kwao, hakuna aliyemwita, watu wa Dar wana dharau, wanadhani nje ya Kibaha ni pori tupu. Wana Dar nao wakageuza kicheko, wakaanza kuisema Mbeya kana kwamba ni friji. Na wale wa siku zote wakasema ni kiki tu, subirini mtaona anaanza kuuza mablanketi.

Katika kelele zote hizo, kitu kimoja kilipita hivi hivi. Huyu dada anaumwa. Hana malaria wala taifodi, anaumwa nyumbani.

Angekuwa kaenda Guangzhou, kila mtu angempa pole. Pole mama, lugha ngumu, chakula kigeni, komaa utazoea. Lakini kaenda Mbeya! Nchi ile ile, pesa ile ile, Kiswahili kile kile, Simba na Yanga zile zile. Basi anaonekana anadeka. Ugeni wa mahali mnapoongea lugha moja unauma kwa namna yake, kwa sababu hakuna aliyekuonya na wewe mwenyewe hukujiandaa. Hata Wamarekani wanaohamia Uingereza yanawakuta. Mtu anafika London anajua ni Kiingereza tu, wasiwasi wa nini? Anaagiza chips akitegemea vile vikavu vya kwenye pakiti, analetewa viazi vya moto vya kukaanga, yaani chipsi kama za Kariakoo. Hiyo ya chipsi inachekesha. Isiyochekesha ni pale anapokaa miezi na watu, anaelewa kila neno wanalosema, na bado hawaelewi wao wenyewe.

Mtaalamu mmoja wa tamaduni, Kalervo Oberg, aliandika kuhusu mshtuko huu mwaka 1960 akaupanga kwa hatua. Mwanzo kila kitu kitamu, kama fungate. Halafu kinakuja kipindi cha kuchukia kila kitu. Baadaye mtu anaanza kuzoea taratibu. Sasa nenda kaangalie picha za dada huyu za mwezi wa kwanza: milima, ukungu, maparachichi makubwa kama kichwa cha mtoto, na maneno matamu kuhusu Green City. Ile ilikuwa fungate. Hii ya blanketi ni hatua ya pili, tofauti ni kwamba yeye kairekodi.

Baridi kwanza, maana ndiyo iliyomliza. Jiji la Mbeya liko juu, kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari. Juni na Julai, usiku unaweza kushuka chini ya nyuzi 10. Mtu wa Dar ikifika nyuzi 20 anatafuta koti. Na nyumba nyingi hazina cha kupashia joto zaidi ya jiko la mkaa (na tafadhali, jiko la mkaa halilali na mtu kwenye chumba kilichofungwa, ile hewa yake inaua kimya kimya). Huko juu hata maharage yanamgomea mgeni. Maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100, kwa hiyo maharage yanakaa jikoni muda mrefu kuliko Temeke. Dada wa watu anapakua kwa saa aliyoizoea, mama mkwe anatafuna, anaona mwanaye kaoa mtu asiyejua kupika.

Lakini baridi ina dawa, masweta ya mtumba yapo Mwanjelwa, bei ya kawaida. Yaliyobaki ndiyo hayana sweta.

Dar makabila yote yapo, ila barabarani ni Kiswahili tu. Mbeya unapanda bajaji pale Kabwe, abiria wawili wanapiga Kinyakyusa, wanacheka, wanakuangalia, wananyamaza. Mgeni moyo unampasuka, anajua kasemwa. Kumbe wenzake walikuwa kwenye bei ya mbolea. Sokoni hivyo hivyo, kanisani hivyo hivyo, na sebuleni kwa wakwe ndiyo kabisa. Kila ofisi unayoingia kuna Mwakyusa, Mwaipopo, Mwa nani sijui, na yeye peke yake ana jina la Kizaramo.

Halafu kuna baba mkwe. Hapa wengi waliomcheka hawajui uzito wake. Kwa mila za Wanyakyusa za tangu zamani, mke wa mtoto na baba mkwe hawakutani uso kwa uso. Mzee akitokea upande huu, binti anapisha upande ule, na ni heshima hiyo, wala si ugomvi. Familia nyingi za siku hizi zimelegeza, nyingine bado zinashika. Sasa chukua mtoto wa Temeke, aliyelelewa kumkimbilia mzee na kumpokea mfuko, shikamoo baba, za safari. Siku ya kwanza anamwona mzee anageuza njia akimkwepa. Kama hakuna mtu aliyemweleza, atafikiri nini? Atalala akijua hapendwi ukweni. Na kama ni yeye aliyemkimbilia mzee mbele ya mashangazi, atakuwa kawapa stori ya mwaka mzima bila kujua kosa lake.

Chakula nacho si kidogo. Mbeya wanakula vizuri jamani, hilo lisibishiwe: mchele wa Kyela, ndizi za Tukuyu, viazi, maziwa, dagaa wa Ziwa Nyasa. Ila mtu hapakumbuki nyumbani kwa sababu ana njaa. Anakumbuka samaki wa nazi wa Jumapili, pweza wa jioni barabarani, mihogo ya kukaanga yenye pilipili. Ikifika Ramadhani ndiyo basi tena. Kwa aliyekulia Temeke, hata kama hafungi, saa 12 jioni ya Ramadhani mtaa mzima unanukia futari, meza ziko nje, magimbi, tambi, uji wa pilipili manga. Mbeya na Iringa Waislamu wapo na futari ipo, lakini lazima ujue nyumba gani. Haikufuati mtaani. Mtu anasimama dirishani jioni, anasikiliza, mtaa kimya. Kilio kingine huwa kinaanzia hapo, siku wala hakuna baridi.

Na huyu si wa kwanza. Kabla yake kulikuwa na kijana mmoja wa redio, mchangamfu, mdomo kama cherehani, aliyetoka Mbagala kwenda kutangaza Iringa. Kwa mujibu wa waliokuwa karibu naye, aliingia na staili ya Dar: oya oya, utani wa kukatisha watu, mzee wa miaka 60 anaitwa mwanangu. Studio ikapoa. Wasikilizaji walikuwa wanapiga simu, wanaanza na "kamwene", wanauliza habari za nyumbani, wanauliza na za kazi, yeye anawakata aweke wimbo. Jamaa akajua wanamchukia. Usiku mtaa wa Kihesa umetulia, yeye yuko macho anasubiri kelele zianze na hazianzi. Mama mmoja jirani alikuwa anamwekea mahindi na viazi mlangoni. Kijana akaona huyu mama ana lake jambo, labda anataka hela. Miezi 5, akapanda basi pale Ipogolo bila kuaga. Leo yuko Mbagala anasherehesha vigodoro, na ukimuuliza Iringa anasema watu wa kule wana roho ngumu.

Roho ngumu yenye viazi mlangoni! Iringa watu hawakukumbatii siku ya kwanza. Wanakuangalia kwanza, wanakulisha huku wanakuangalia, na siku ukisikia mtu kakuita nyalukolo ujue umeshahesabiwa ndugu. Yeye aliondoka kabla ya kuitwa.

Sasa warudi wale wa "rudi kwenu". Nyinyi mnaomwambia hivyo dada wa watu, mna ndugu zenu wangapi Dar? Hao ndugu kila mwisho wa mwezi wako stendi ya Magufuli kule Mbezi, wanasubiri basi lililotoka Mbeya na gunia la mchele na ndoo ya parachichi, wakati mchele Dar umejaa kila duka. Wanalalamika joto, wanalalamika mbu, wanalalamika maji ya chumvi. Wana vikundi vyao vya wana Mbeya wa Dar vya kuzikana na kuchangiana. Desemba wanajaza mabasi, kilomita 800 na zaidi, kutwa nzima barabarani, mlima Kitonga unapandwa watu wanaimba. Hiyo nayo ni nini kama si kuumwa nyumbani? Ila wao wakilia ni mapenzi ya kwao, yeye akilia ni dharau.

Na Dar msicheke sana. Nyumba ngapi za mjini zina binti wa kazi aliyetoka Iringa, Mufindi au Kilolo? Binti analetwa kwa basi usiku, hajawahi kuona bahari, anakuta joto la kumtoa upele, anapewa samaki wa nazi tumbo linakataa. Akitamka neno kwa lafudhi ya kwao, nyumba nzima inacheka na watoto wanamuiga. Akilia jikoni anaambiwa mshamba, akizubaa anaambiwa ana mawazo ya mwanaume. Huyo ana mshtuko ule ule wa mrembo wetu wa kwenye blanketi, na zaidi, maana yeye hana mume pembeni, hana simu ya kujirekodia, na nauli ya kurudi iko mkononi mwa bosi. Hakuna aliyewahi kumuuliza usiku wa kwanza amelalaje. Kama video ya dada huyu imekugusa, hebu nenda jikoni kwako kwanza.

Haina maana kwamba dada hana kosa. Lipo. Kusema Mbeya hakuna maisha, mbele ya watu wanaoishi maisha yao hapo hapo, ni kuwatukana wenyeji kwa uchungu wako. Mji haujamkosea. Na simu ndiyo sehemu mbaya kuliko zote ya kupeleka kilio cha aina hii, kwa sababu majirani zake nao wana simu. Kesho atakutana nao dukani.

Lakini ukitafuta wa kubanwa kwenye hii stori, acha dada, acha na wana Mbeya, mwite shemeji. Yeye yuko wapi? Yuko kwao. Jioni yuko na washkaji aliosoma nao, Jumamosi yuko Sokoine na jezi yake, nyumbani anaongea Kinyakyusa na mama yake mkewe akiwa katikati anageuza shingo kama anaangalia tenisi. Na huyu bwana alikaa Dar miaka. Alikuwa mgeni, alikuwa anatumiwa mchele kwa basi, alicheka akichekwa lafudhi yake. Anaijua vizuri kuliko mtu yeyote kwenye hiyo nyumba. Dakika 10 tu za kumweleza mke wake habari ya baba mkwe zingeokoa wiki nzima za machozi. Kumpeleka Sokoine siku timu za Kariakoo zinakuja, akutane na nusu uwanja wanaoshangilia timu yake, kungemfaa kuliko blanketi la tatu. Kumtafsiria mezani, hata kwa ufupi. Kumuuliza mama mkwe, mbele ya mkewe, "Mama, huyu maharage ya huku hayajui, mfundishe."

Wengi wanaorudi Dar na mabegi yao hawakushindwa na baridi. Walikuwa na mwenyeji ndani ya nyumba, na mwenyeji akakaa kimya.

Taarifa za chini chini zinasema dada kashafuta ile video, na kuna mama mmoja muuza nazi wa hapo mjini kamtafuta mwenyewe, naye mtu wa pwani, yuko Mbeya mwaka wa 11. Shemeji bado hajasema neno.

Haya, wewe uliyewahi kuhamia Mbeya au Iringa ukitokea pwani, kitu gani kilikushinda wiki ya kwanza, na nani alikuwa wa kwanza kukukaribisha kwake? Shusha hapo chini. Na wa Iringa mlioko Dar, nanyi msione aibu, semeni.