Vigari Vyetu na Maji ya Masika

Jamani, sisi wenye Vitz, Passo na IST, tunaoshinda kati ya Mnazi Mmoja na Kariakoo jijini Dar es Salaam, tuna neno letu na tunaomba lisikilizwe kabla Machi haijafika. Kila masika tunaambiwa tuendeshe kwa uangalifu. Tunaendesha kwa uangalifu. Mwenye gari ambalo tumbo lake liko sentimita kumi na kitu tu kutoka chini hana njia nyingine. Lakini dereva atakuwa mwangalifu kwenye barabara anayoiona. Mvua ikishuka sawasawa, ukishavuka Mtaa wa Lumumba kuingia mitaa ya ndani, barabara huioni.

Vigari hivi vimetoka Japani, na vingine vimetoka kaskazini kabisa, Hokkaido, ambako wakati wa baridi theluji hufunika njia yote. Huko nako kuna watu wa kipato cha kawaida wenye magari madogo, wanawahi kazini, wanapeleka watoto shule. Wao kandokando ya barabara wamesimamishiwa nguzo zenye mishale inayoelekea chini, kumwonyesha dereva ukingo wa lami uko wapi hata kama lami yenyewe haionekani. Magari ya kukwangua theluji hutoka usiku ili asubuhi watu wapite. Dereva hufunga matairi ya baridi na kupunguza mwendo, na wenye mamlaka wanakuwa wameshafanya sehemu yao. Huku kwetu hakuna theluji, ila maji ya rangi ya chai ya maziwa yanafunika lami vilevile, na chini yake kuna mtaro ulio wazi, au chemba ambayo mfuniko wake uliishia kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Hakuna nguzo wala mshale, hata kijiti hakuna. Tunachofanya ni kumtazama bodaboda aliyetangulia, tuone maji yamemfika wapi.

Tena yale matairi ya baridi yenyewe tumeletewa sisi! Ukitafuta tairi la mtumba kwenye maduka ya spea, utaonyeshwa moja lenye kashata ndefu, zuri kwa macho, na utaambiwa, "Hili bado jipya kabisa, mzee wangu." Lichungulie ubavuni. Kama limechorwa mlima wa vilele vitatu wenye alama ya theluji ndani yake, au limeandikwa STUDLESS, hilo ni tairi la theluji. Mpira wake umetengenezwa ubaki laini baridi ikishuka chini ya nyuzi 7. Kwenye lami ya Dar es Salaam linalika upesi, na barabara ikilowa gari linachelewa kusimama. Angalia pia tarakimu nne za tarehe: 2318 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2018. Muuzaji anajua haya yote. Mnunuzi aliyejikusanyia kidogo kidogo mpaka akapata hela ya matairi mawili hajui, na hakuna anayemwambia.

Halafu wapo wanaodhani gari likizima majini ni plagi zimelowa tu, utasubiri zikauke uondoke. Sivyo. Injini inavuta hewa, na maji yakifika pale inapovutia, inavuta maji. Hewa inabanika ndani ya silinda, maji hayabaniki, kwa hiyo kinachopinda ni chuma. Nendeni kwa mafundi wa mtaa wa Gerezani siku moja baada ya mvua kubwa mkaone. Fundi anafungua eya klina, anaikamua kama tambara na maji ya matope yanamwagika miguuni pake. Anatoa plagi zote, anamwambia mwenye gari apige stata, na maji yanaruka juu kutoka kwenye matundu. Anafuta mikono kimya kimya. Akishasema, "Dada, konrodi imepinda," huyo dada anajua ada ya mtoto ya muhula huo imeondoka. Bima ndogo, ambayo ndiyo wengi wetu tunaimudu, inamlipa utakayemgonga. Injini yako iliyokufa maji haiihusu.

Na mara nyingi halikuwa kosa lake. Alikuwa anakwenda taratibu, gia ya chini, mwendo mmoja, kama inavyotakiwa. Akaja mwenye roli au gari kubwa, akampita kwa kasi, wimbi likapanda juu ya boneti. Wenzetu wenye magari ya juu, tunawasihi: kwenye maji punguzeni mwendo. Nyinyi mnapita, sisi tunabaki tunasukumwa.

Hatutumii barabara bure. Rodi laisensi ilipofutwa mwaka 2017, shilingi 40 ziliongezwa kwenye kila lita ya mafuta, juu ya tozo ya barabara iliyokuwepo. Kila tunapojaza tunalipa. Kigari kilipokuwa bandarini tulilipia hata uzee wake.

Tunajua kuna mipango mikubwa. Mafuriko ya Jangwani tumeyazungumza miaka mingi. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu, na waliohamishwa bondeni wakapelekwa Mabwepande. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 200 kwa ajili ya bonde la Msimbazi, pamoja na kuinua njia pale Jangwani, na tunaushukuru sana mpango huo, kwani Barabara ya Morogoro ikifungwa hapo sote tunasongamana kuzungukia Daraja la Salenda. Lakini daraja la Jangwani, liwe refu namna gani, halitazibua mtaro wa Mtaa wa Congo hapa Kariakoo. Huo umejaa maboksi, chupa za maji na mchanga wa majengo yanayopanda kila kona. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu Juni 2019 na afadhali ilionekana. Taka nyingine zinatupwa na sisi wenyewe wa sokoni kila jioni, na hilo nalo tuliache.

Dereva mwenzangu, maji yakifika nusu ya tairi, usiingie. Likizima ndani, usipige stata tena. Lisukumwe mpaka pakavu, fundi alifungue kwanza. Ukitoka salama, kanyaga breki kidogo kidogo mpaka zikauke.

Nanyi wenye dhamana ya mitaa hii, tunaomba vitu vitatu: mitaro izibuliwe, chemba zifunikwe, na nguzo ndefu zilizopakwa rangi zisimamishwe kila palipo na mtaro wazi, tuone lami inaishia wapi. Masika huanza Machi. Kazi hii ifanyike Februari.